Randa Niliyoilaza Mezani

Shule niliiacha darasa la tatu, na sijutii. Kilichonilisha ni randa. Fundi aliyenifundisha useremala Tanga aliniachia yake, ya mti, imeng'aa kwa jasho la mikono yake na yangu. Nikaenda nayo hadi Riyadh, kwenye karakana ya milango huko Al-Sulay.

Nilifuata bati. Nyumba yangu ilikuwa kuta tupu za matofali mabichi, na mvua haimwonei mtu haya. Mwanzoni mambo yalikwenda. Baadaye kila kitu kikapanda: mchele wa soko la Batha, mafuta, kodi ya chumba tulichobanana. Nyumbani nako bati likapanda. Mshahara tu ndio uliokaa kitako.

Mke wangu akapiga simu. "Baba watoto, ukuta wa uani unamomonyoka. Masika haya hauyavuki."

"Utavuka."

"Kwa maneno yako au kwa bati?"

Yule mwanamke anajua kupiga msumari.

Kwetu fundi akitaka nyongeza habembelezi. Anaifuta randa, anailaza ubavu mbele ya mwenye kazi, anasema, "Malizia mwenyewe." Mwenye kazi anacheka, anaagiza kahawa, mazungumzo yanaanza. Randa yenyewe haigusi; kuigusa ni kumtukana fundi. Nilidhani dunia nzima inalijua hilo.

Mwenzangu, seremala wa Unguja, aliogopa. "Kaka yangu, hawa si watu wa kwetu. Kamuombe bosi tu."

"Omba wewe. Mimi sikuja huku na bakuli."

"Haya, bwana mkubwa. Lakini ikama zetu, vibali vya kukaa huku, kazishika yeye."

"Na mikono yetu kaishika?"

Akacheka, naye akatoa patasi zake.

Tukaingia ofisini. Nikailaza randa juu ya meza ya baba, ndivyo tulivyomwita bosi. Kwa Kiarabu changu cha kuungaunga nikamwambia kila kitu kimepanda, sisi tumebaki chini, basi malizia mwenyewe. Akaiinua randa, akapitisha kidole kwenye makali, akatikisa kichwa kuisifu. "Shukrani," akasema. Akaitia kabatini pamoja na patasi za mwenzangu, akafunga kwa ufunguo.

"Nyongeza mafi. Halas. Yalla, kazini." Yaani nyongeza hakuna, imekwisha, haya kazini.

Labda alidhani tumemkabidhi vifaa. Labda alijua. Mpaka leo siwezi kuapa.

Nilipomdai alishangaa: "Si ulinipa mwenyewe?" Na kuondoka, uondoke wapi? Bila ruhusa ya kafili, bosi aliyekudhamini, huhamii kwa mwingine, wala kwenu hurudi. Tukarudi kwenye mbao na vifaa vya karakana, vyepesi kama vya kuchezea.

Haukupita muda wakaletwa mafundi wapya wa nchi nyingine, waliokubali hata chini ya mshahara wetu. Mmoja akapewa randa yangu. Alikuwa fundi mzuri, siwezi kusema uongo. Ila akimaliza aliilaza kifudifudi, makali yakila vumbi. Lugha hatukuwa nayo, na randa haikuwa yangu tena.

Masika yakafika Tanga. Mke wangu akapiga.

"Baba watoto, umelala."

"Nani kalala?"

"Ukuta."

Nikauliza, wa upande gani?

"Unauliza upande? Njoo utazame kama upo uliobaki."

Baba akaita yalla. Nikakata simu, nikarudi kwenye mlango wa watu.