Njia ya Juu

Saengla hakuwa mtu wa kuambiwa pita huku. Ndivyo alivyokuwa tangu usichana, na ndivyo alivyofikia umri wa kuitwa bibi, akiuza kuku wa kuchoma na wali wa kunata sokoni Chiang Dao, kaskazini mwa Thailand. Baiskeli aliianza ukubwani, daktari alipomwambia sukari imempanda. Alinunua moja iliyokwishatumika, yenye matairi mapana, na mwanzoni aliisukuma kwa mkono kwenye kila kilima huku akitukana chini kwa chini. Siku hizi, kila Jumamosi asubuhi, yeye ndiye aliyekuwa mbele, na wanawake wenzake wa kikundi wakimfuata wakihema.

Mzunguko wao ulianzia hekaluni. Lami iliwapitisha kwenye mashamba ya mpunga, kisha njia ya zege ikawapandisha wimawima hadi kijiji cha Walahu, watu wa milimani. Baada ya hapo ni udongo mwekundu juu ya mgongo wa kilima, mlima Doi Luang ukiwa umesimama mbele yako muda wote kama ukuta, halafu changarawe inayoshuka katikati ya miti ya misaji mpaka nyumbani. Lakini huo ulikuwa mwezi wa Machi, watu wanachoma mashamba, na mlima ulikuwa umemezwa na moshi wiki nzima.

Walipofika kijijini kwa Walahu, Fongchan alishuka kwenye baiskeli yake.

"Jamani, leo tusipite juu," alisema. "Moshi wa alfajiri ulikuwa mweupe. Sasa unageuka kahawia, na upepo umeanza. Turudi kwa lami."

Fongchan alikuwa wifi yake Saengla, mjane wa kaka yake, Inkham. Mwaka mmoja tu baada ya msiba, aliolewa na mwanamume aitwaye Moon, naye Moon akahamia katika nyumba ambayo Inkham aliijenga ubao kwa ubao. Tangu siku hiyo Saengla hakumsemesha tena. Hata humo kikundini, akiwa na neno la kumwambia, alilipitisha kwa mwingine.

"Mwambieni anayeogopa arudi," Saengla alisema, macho yakiwa kwenye gurudumu lake. "Mimi napita juu."

"Dada, acha ukaidi," alisema Bualai, muuza mboga, jirani yake sokoni. "Wewe unauza kuku wa kuchoma. Usije ukachanganywa nao."

Wenzake walicheka. Saengla alikuwa ameshabadilisha gia.

Huko juu hakukuwa na mtu. Udongo ulikuwa mkavu, wa kuteleza, na koo lilianza kumwasha. Aliendelea kukanyaga pedali kwa hasira, akijisemea kwamba angekuwa ni Bualai aliyetoa lile wazo, pengine angegeuka. Kisha akasikia mlio mkali bondeni, kama risasi. Ukafuata mwingine, halafu milio mingi pamoja. Ilikuwa mianzi inapasuka kwa moto.

Aliposhuka kona ya kwanza alikuta moto umeshavuka njia. Majani makavu ya misaji yalikuwa yakiwaka pande zote mbili, na joto lilimpiga usoni kama mlango wa tanuri uliofunguliwa ghafla. Alifunga breki, akageuza, akapanda alikotoka. Hakufika mbali. Moshi ulikuwa umefunga nyuma pia, na kutoka ndani yake akatokea Fongchan, akikohoa, baiskeli mkononi.

"Nyuma hakupitiki," Fongchan alisema.

Saengla alimtazama. "Umenifuata kufanya nini?"

"Ningekuacha, kaka yako angenisumbua usingizini. Sikiliza, wifi. Unaona pale chini, palipo peusi? Pameshaungua. Twende tukasimame pale."

"Tuuingie moto kwa miguu yetu?"

"Hapa ukingoni moto ni mdogo, unafika magotini. Ukikaa njiani utakuja huu mkubwa kutoka bondeni. Pale hakuna kilichobaki cha kuungua."

"Nani amekwambia?"

Fongchan alifungua chupa yake ya maji. "Moon. Kila msimu huwa anakwenda kuzima."

Saengla alihisi jina lile likimchoma kuliko moshi. Kwa muda mfupi, aibu ilioje, aliona ni afadhali abaki pale pale. Kisha upepo ukageuka, na cheche zikaanza kuwaangukia mabegani.

Fongchan alimwaga maji ya chupa yake kwenye vitambaa vyao vya shingoni, wakajifunga pua na midomo. Baiskeli yake aliitupa chini bila kuitazama. Saengla aliinyanyua ya kwake.

"Iache hiyo."

"Siiachi."

"Basi ibebe. Ila ukianguka, nitakayemvuta ni wewe."

Wakakimbia. Hatua chache tu, lakini Saengla alijikwaa kwenye kisiki katikati ya ndimi za moto, na baiskeli ikamlalia mguu. Hakuona kitu. Alihisi shati lake likivutwa nyuma ya shingo, kola ikimkaba, kisha magoti yake yakaburuzwa juu ya majivu.

Walisimama kwenye weusi ule wakibadilisha miguu kama watu wanaocheza, maana soli za viatu zilikuwa zinalainika. Nyuma yao tairi la Saengla lililipuka. Moto mkubwa ulipanda kutoka bondeni, ukala njia walipokuwa wamesimama, ukapita juu ukinguruma. Wakashikana mikono, na hakuna aliyejua nani alianza kumshika mwenzake.

Mngurumo ulipopungua, Saengla alisema kwa sauti iliyokauka, "Mwaka mmoja tu, Fongchan. Kaka yangu hata hajapoa."

"Mwaka huo mzima ulikuja kwangu mara ngapi?"

Saengla aligeuza uso, akayatazama majivu.

"Hamkunifukuza," Fongchan alisema. "Mlininyamazia. Nikipita sokoni unajifanya unapepea mkaa. Moon alinisalimia. Ndiyo hivyo tu, wifi. Alinisalimia kila siku."

Waliteremka kwa miguu kupitia majivu, mmoja akichechemea, mwingine akikohoa. Karibu na misaji walikutana na wanaume wa kuzima moto, wamebeba reki na vitangi vya maji mgongoni. Bualai ndiye aliyekuwa amewaita. Moon alikuwa mbele, uso umempauka kwa hofu. Alimtazama mkewe kuanzia kichwani hadi miguuni. Akashusha pumzi, kisha akamkabidhi Saengla maji kwanza.

Saengla aliyanywa yote. "Asante, Moon," alisema.

Kikohozi kilimkaa mpaka mvua zilipoanza, na kovu la mguuni halikutoka. Hawakuwa marafiki wa chanda na pete, yeye na Fongchan. Waliendelea kubishana, ila sasa walibishana uso kwa uso.

Siku ya kumwombea Inkham ilipofika, Saengla alikwenda katika nyumba ile kwa mara ya kwanza tangu ndoa. Alikuwa amejiandaa kukuta kila kitu cha kaka yake kimeondolewa. Akakuta picha ya Inkham ukutani sebuleni, mbele ya maua mabichi.

"Anayebadilisha maua ni nani?" aliuliza.

"Mwenyewe huyo," Fongchan alisema, akimwelekeza Moon kwa kidevu. "Mimi husahau."

Moon aliinamisha kichwa, akawa anautandaza mkeka ambao ulikuwa umeshatandazwa. Saengla alivua viatu, akaketi chini ya picha, akamwambia Moon naye akae.