Ncoolo ya Kuomba Kura

Cicily aliuza mitumba katika soko la Muthara, na kwa miaka minne tangu aolewe huko Tigania watu walimjua kwa mambo mawili: hapunguzi bei ya makoti, na ni Mmbeere. Kwao ni Kiambere, kule chini kwenye joto, ambako mto Tana umezibwa ili nchi ipate umeme. Kisha, katika uchaguzi mmoja wa miaka ya tisini, akajiongezea la tatu. Alikubali kuwa wakala wa Bwana Mukhwana, mgombea urais wa chama chenye alama ya ungo.

Hakuna aliyempa Mukhwana nafasi. Redio ilipowataja wagombea, jina lake lilikuja mwisho, mtangazaji akiwa tayari anavuta pumzi ya kusoma hali ya hewa. Hakuwa na helikopta wala fulana za kugawa. Cicily naye hakujidanganya.

"Hatashinda," alimwambia mumewe, Kithinji. "Nataka tu amalize sentensi."

Sentensi yenyewe aliisikia Kiambere, alipokwenda kumsalimia mama yake. Mukhwana alisimama juu ya jiwe, akanyoosha kidole kwenye nyaya za umeme zilizopita juu ya paa la mama huyo, ambaye mpaka leo anawasha koroboi ya mafuta ya taa, akasema, "Nyaya hizi zimewapita vichwani miaka yote hii, na mimi nikiingia Ikulu..." Hapo vijana waliokodiwa wakaanza kupiga madebe na kumzomea mpaka akashuka. Cicily alirudi Muthara na nusu ya sentensi kichwani, ikimwasha kama upupu.

Ndipo akaandika barua kumwalika Mukhwana Muthara. Koome, muuza mbolea na wakala wa chama kikubwa cha mwenge, alikuja kibandani kwake kucheka.

"Cicily, hata mbuzi hatakuja. Mtu wako akiongea hapa mpaka mwisho na watu wakiwa wamekaa, viti utakavyoazima kanisani nitavibeba kwa kichwa nivirudishe mwenyewe."

"Vyote?"

"Vyote."

"Na uvae lile koti langu la waridi."

Koome alilitazama koti. Lilikuwa la mama mnene wa Ulaya, lenye manyoya shingoni. "Nitavaa," akasema, kwa sababu alikuwa na hakika.

Siku moja kabla ya mkutano Cicily alikwenda kwa Nelius, mama anayeuza miraa. Mgeni wa heshima haji mikono mitupu, na mara mbili Cicily alikuwa jikoni na wanawake wenzake alipoona wageni wakiingia nyumba ya watu na miraa iliyofungwa vizuri sana katika majani ya ndizi, ikipokelewa kwa mikono miwili. Mazungumzo ya wazee yalikuwa Kimeru cha haraka, hakuyashika. Miraa aliiona.

"Nataka ile ya heshima," alimwambia Nelius. "Ile mirefu, ya kufungwa."

Nelius aliacha kazi. "Ni ya kuomba?"

"Ya kuomba, ndiyo. Kesho."

"Wapi?"

"Hapa sokoni."

"Mbele ya watu wote?"

"Sasa tutaomba wapi, jikoni?"

Nelius akainamia kazi. Alichagua vijiti kimoja kimoja kutoka kwa miti ya zamani, akavilaza, akavifunga kwa namna ambayo wazee wa Tigania wanaiita ncoolo. Ncoolo hainunuliwi kwa kutafunwa njiani. Kijana huipeleka kwa wazazi wa msichana anayetaka kumwoa. Wakiipokea, wamekubali kumsikiliza. Wakiifungua, wamemkubali. Cicily hakujua hata moja kati ya hayo. Alilipa, akabeba, na kabla hajafika nyumbani Muthara nzima ilikuwa inaulizana: mgombea wa yule Mmbeere anakuja kuomba binti ya nani?

Kesho yake soko lilifurika. Viti vya kanisa vilijaa, watu wakakaa juu ya magunia ya viazi. Wenye mabinti walikuja, na wasio na mabinti walikuja mapema zaidi. Mukhwana alifika kwa miguu, suruali imekunjwa hadi magotini, kwa sababu pikapu yake ilikuwa imezama kwenye matope huko chini. Alipouona ule umati alimgeukia Cicily. "Mama, hawa wote ni wetu?"

"Sijui," alisema Cicily, na ilikuwa kweli.

Akampa ncoolo. Mukhwana akaipeleka, kama walivyopanga, kwa Mzee Kiambi, mwenyekiti wa soko. Sasa, Kiambi alikuwa na binti, Kanana, mwalimu wa nasari, na Kanana alikuwa amekaa safu ya mbele. Soko zima likamgeukia. Kanana akafunika uso kwa mwavuli.

Kiambi aliishika ncoolo kwa mikono miwili. "Mgeni, umekuja kuomba?"

"Nimekuja kuomba, mzee."

"Unaomba nani?"

"Nawaomba nyote."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifukuza kuku. Mwanamke mmoja mzee alisimama, akajipangusa sketi. "Mimi niko tayari. Mume wangu alikufa kitambo."

"Mzee," alisema Mukhwana, "mke ninaye. Na wanawake ndio walionituma nije kuomba."

Wanawake wakashikana mbavu. Nelius, akifuta machozi, alimnong'oneza Cicily maana ya kile alichokuwa amekibeba. Cicily alitamani kujifunika na mitumba yake yote. Akakimbia mbele, akamweleza Mukhwana sikioni. Mukhwana alisikiliza, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Wazee, nimekosea," alisema. "Kwetu Bungoma tunaomba kwa ng'ombe. Ningekuja na ng'ombe mngenielewa vibaya zaidi."

"Basi ondoka!" Koome alipaza sauti kutoka nyuma. "Hana hata mahari!"

Kiambi aliinua mkono. "Koome, keti. Wewe uchaguzi uliopita ulileta blanketi kuomba kura. Ulirudi lini kumwangalia bibi arusi?" Watu wakapiga makofi. Kiambi akaiweka ncoolo magotini. "Nimeipokea mbele yenu. Ikishapokelewa, mwombaji anasikizwa mpaka amalize. Kukataa ni baadaye. Hiyo ndiyo desturi."

Wakamhoji kama anavyohojiwa mkwe. Baba yako ni nani? Unalima nini? Ukishaoa, utatupeleka wapi? Mvua ilianza, Mukhwana akajibu. Mvua ikazidi, watu wakajifunika magunia, hakuna aliyeondoka. Kanana alitoa uso mwavulini akauliza habari za shule. Mwisho Cicily akasimama, maji yakimtiririka mashavuni.

"Ulisema kwetu Kiambere, nyaya zimetupita vichwani, na wewe ukiingia Ikulu. Ukiingia, utafanya nini?"

Mukhwana alijipangusa maji usoni. "Uliingoja hiyo?"

"Niliingoja."

"Nikiingia Ikulu, siwezi kuahidi taa kwa kila mtu. Lakini nitaanza na nyumba zilizo chini ya nyaya."

Cicily aliketi. Aliichukua ile sentensi nzima, akaijaribu kichwani kama mteja anavyojaribu koti, ikamkaa.

Jioni hiyo, barabara ya kanisani, Muthara ilimwona Koome katika koti la waridi, manyoya yamelowa shingoni, viti kichwani, akienda na kurudi, na kina mama wakimpigia vigelegele kama bibi arusi anayeondoka kwao.

Mukhwana hakuingia Ikulu. Nchini alikuwa karibu na mkia. Lakini katika chumba cha kuhesabia kura Muthara, karani aliendelea kuinua karatasi na kusema "ungo," kisha "ungo" tena, hadi Koome akasimama.

"Ni nani hawa?"

Alimtazama Kiambi, aliyekuja kushuhudia hesabu. "Mzee, wewe ulisema ncoolo hukuifungua."

"Sikuifungua," alisema Kiambi. "Niliikuta imefunguliwa asubuhi."

"Na nani?"

"Panya," alisema mzee.

Cicily alicheka mpaka karani akamtoa nje.