Nywila Iliyojulikana Uani Kote

Shangazi yangu wa Bagamoyo, aliyenilea, alinunua kompyuta alipostaafu ualimu ili aonane na binti yake aliyeko Muscat na kupokea oda za mikeka yake. Tuliiweka sebuleni, chini ya dirisha la uani, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri.

Siku moja aliniomba nifungue barua pepe yake, nimpakulie picha za harusi. Yeye alikuwa jikoni. Nikaandika nywila aliyonitajia, ikakataa. Nikarudia huku nikiitamka, ikakataa. Mara jirani yake, aliyekuwa akikuna nazi uani, akaniambia kupitia dirishani:

"Ya kwanza herufi kubwa, baba. Mwishoni weka moja mbili tatu."

Nikaduwaa. "Umeijuaje, mama?"

"Nani asiyeijua? Mwenzangu huisoma kwa sauti kila asubuhi, utadhani yuko na darasa la kwanza!"

Tulicheka mpaka shangazi akatoka na mwiko mkononi. Nikamuuliza kama ya benki ni hiyohiyo.

"Hiyohiyo. Kwani nina vichwa vingapi?"

Hapo kicheko kikanikauka. Jirani hakunitia hofu hata kidogo. Niliogopa mwizi wa mbali, ambaye akiipata nywila kwenye tovuti moja dhaifu, ataijaribu kila mahali. Nikashauri tuweke mchanganyiko wa herufi na alama.

"Nikiusahau, mimi na mwizi sote tutalala nje," akasema.

"Basi kivinjari kikukumbukie."

"Na hawa wanaokuja kutazama mishono ya magauni humu kwenye kompyuta? Si watafunguliwa kila kitu?"

Kweli, shoga zake walikuwa wakiingia na kutoka humo kama kisimani. Tukajadiliana mpaka wali ukapoa. Mwishowe tukawafungulia wageni akaunti yao ya kompyuta. Ya kwake tukaifunga kwa sentensi ndefu aitakayo mwenyewe. Humo ndani kivinjari kikamtunzia nywila nyingine, kila tovuti na yake. Ya benki peke yake ndiyo alikubali kuibeba kichwani.

Sentensi aliitunga kwa raha, midomo ameibana, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Juzi nimekwenda tena, nikamwomba anifungulie kompyuta nitazame jambo. Akavuta kiti, akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka kwanza, mwanangu. Nenda kamsaidie jirani kukuna nazi, nitakuita."

Nikatoka. Jirani alikuwa tayari ameshanisogezea mbuzi na kizio cha nazi.