Ngozi Yenye Matundu Mawili

"Usinifanye kipofu, baba! Ngozi hii ina matundu mawili, na hayakutobolewa siku moja!"

Mama Uzi aliibwaga ngozi ya tandala mezani, manyoya chini, upande wa nyama juu. Maji ya chumvi yaliruka mpaka kwenye viatu vya mkandarasi aliyeileta, naye akarudi nyuma hatua mbili kuiokoa suruali yake ya kitani.

"Mama, tundu ni tundu," alisema. "Labda alichomwa na mti. Mnyama anaishi porini, haishi sebuleni."

"Mti!" Wifi yake Mama Uzi, aliyekuwa ameinama juu ya pipa akikoroga chumvi na shabu ya kutibia ngozi, aliinua kichwa. "Na huo mti ulikuwa na kibali cha kuwinda?"

"Wewe koroga chumvi."

"Nakoroga, baba. Masikio hayakorogi."

Mama Uzi hakucheka. Alikuwa amevaa miwani yake ya kazi, ile iliyofungwa uzi mweusi pembeni, na kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya ngozi kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Tundu la begani lilikuwa safi, kingo zake laini, damu yake bado nyekundu. Hilo lilikuwa la Jumamosi, kama mkandarasi alivyosema. La pajani lilikuwa habari nyingine. Kingo zake zilikuwa zimenenepa na kukakamaa, na manyoya kulizunguka yalikuwa yamepukutika mahali mnyama alipojilamba na kujilamba. Siku nne hizo, pengine tano. Mnyama alikuwa ametembea siku nne na risasi pajani, ndipo bwana huyu akakutana naye tena kwa bahati, akammaliza, akarudi mjini kujisifu kwamba kwake ni risasi moja, mnyama mmoja.

"Mimi nimekuja unishonee, sikuja kuhojiwa," alisema mkandarasi, sasa kwa sauti ya asali. "Nishonee kama ulivyonishonea ile ya kwanza. Kamati nzima ya chama chetu cha wawindaji ilipitisha mkono juu yake, hakuna aliyegusa hata uzi. Mkono kama wako haupo nchi hii, mama."

Kilemba cha ukoka hicho, na miaka mitatu nyuma Mama Uzi alikuwa amekivaa akatembea nacho. Safari hii kilimchoma kichwa.

Huyu mama alimaliza darasa la saba, akaolewa, akaingia kwenye nyumba yenye karakana ya ngozi uani. Mume alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana mwezi kwa mwezi. Aliyekuwa nyumbani ni baba mkwe, fundi wa ngozi aliyeanza kupoteza macho, na watoto wake wote wa kiume walikuwa hawana subira ya kukaa mbele ya gogo la kukwangulia. Siku moja mzee alimwita mkwe wake amtungie uzi kwenye sindano. Kesho yake akamwita tena. Mwaka ulipokwisha mkwe alikuwa anakwangua, anatia chumvi, anashona, na mzee amekaa kwenye kiti anasikiliza sauti ya kisu. "Hapo umezama mno," alikuwa anasema, bila kuona chochote. Mzee alipokufa karakana ikabaki kwa mkwe, na mume alipokufa, ikamlea yeye na watoto wake watatu. Mashemeji wa kiume walipokuja kuiulizia, walimkuta ameshika kisu cha kukwangulia, wakaishia kunywa chai.

Nusu ya kazi yake ilikuwa mikanda, mifuko na viti vya magari. Nusu nyingine ilitoka kwenye chama cha wawindaji: watu wenye kazi zao na pesa zao, madaktari wa meno, wenye maduka, wanaolipia kibali na kwenda porini kuwinda kwa kujifurahisha. Yeye mwenyewe hajawahi kushika bunduki. Wanawake wenzake wakimwuliza haoni dhambi kushona ngozi za wanyama waliouawa kwa starehe, anawajibu: "Mimi sijaua. Lakini ngozi ikifika hapa najua aliyeua ni mtu wa namna gani." Na kweli alikuwa anajua. Alimjua aliyetulia akapiga mara moja, aliyepapatika, na aliyepiga akiwa juu ya gari kwa uvivu wa kushuka.

Chama kile kilikuwa na sheria nyingi za karatasi na moja ya ubao, iliyopakwa rangi nyeupe mlangoni mwa ukumbi wao: UKIJERUHI, FUATA MPAKA MWISHO. Aliyejeruhi haruhusiwi kupiga mnyama mwingine mpaka ammalize yule wa kwanza, hata ikimchukua siku zote za kibali chake. Akimwacha, anaondolewa. Wazee walioanzisha chama walisema mtu anayeua kwa furaha yake hana haki ya kumwachia mnyama maumivu.

Basi miaka mitatu nyuma mkandarasi alimletea ngozi ya tandala mkubwa, ya kutundikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa chama. Nayo ilikuwa na matundu mawili, jipya la begani na la zamani la pajani, naye alitaka la pajani lifichwe. Mama Uzi hakuuliza. Fundi wa ngozi anaona tundu kama mpishi anavyoona jiwe kwenye wali. Alikata kipande kwenye ukingo wa tumbo, akatafuta mahali manyoya yanapolalia upande uleule, akashona kwa uzi mwembamba usiku na mchana siku mbili, akaweka bitana ya kijani nyuma. Alipomaliza alipitisha kiganja chake mara kumi, akakosa kuona alipoanzia, akacheka peke yake kama mwehu.

Wiki iliyofuata ndipo aliposikia maneno. Mfuata nyayo wa chama, ambaye watu wote walimwita Macho, alikuwa amekwenda mbele ya kamati kusema kwamba mkandarasi alimjeruhi tandala yule Jumanne, akakataa kumfuata kwa sababu alikuwa na wageni kambini, kisha akampiga mara ya pili Jumamosi. Kamati ikaiita ngozi. Mikono ikapita. Tundu moja. Wakamwambia Macho ni mwongo, anamchafulia mtu jina, wakamfuta kazi.

Macho alikuwa rafiki wa marehemu mumewe. Alikuja mpaka karakana, akasimama mlangoni, hakukaa.

"Shemeji, ngozi umeishika wewe. Nisemee neno moja tu."

Naye Mama Uzi akajibu: "Mimi nashona, shemeji. Siamui kesi."

Kwa watu angeweza kusema aliogopa kukosa kazi, na watu wangemwelewa, mjane na watoto. Lakini mwenyewe alijua. Hakutaka kiraka chake kionekane. Mtu alipoteza jina lake ili mshono wake ubaki hauonekani, na yeye alikuwa anapita pale ukumbini kupeleka kazi, anaiangalia ngozi ile ukutani, anajisikia fahari.

Macho hakumsema kwa mtu. Aliacha tu kuja. Sasa alikuwa mlinzi kwenye uwanja wa mbao. Mtu aliyeweza kuangalia jani lililokunjika akakuambia nani kapita na saa ngapi, alikuwa anafungua lango na kulifunga.

"Kwa hiyo nirudi lini?" aliuliza mkandarasi.

Mama Uzi alivua miwani. "Usirudi. Hii siishoni. Na ile ya kwanza nitaifumua."

Mkandarasi alicheka kwa kweli. "Ile iko ukutani kwa chama."

"Ukuta una mguu wa kukimbia?"

"Mama, nusu ya mkate wako inatoka kwetu."

"Basi nitakula nusu. Daktari kila siku ananiambia nimenenepa."

Mkandarasi aliikunja ngozi yake ikiwa bado inatiririka, akaitia kwenye buti la gari, akaondoka. Wifi alitupa mwiko chini.

"Wifi, umerogwa? Umeuacha ushahidi uondoke na magurudumu!"

"Aende nao. Ile ya ukutani inatosha, na ile nilishona mimi."

"Watakuuliza kwa nini ulinyamaza."

"Wataniuliza."

"Utasema nini?"

"Koroga chumvi, wifi, isigande."

Jumapili mchana chama kilikuwa na mkutano wake. Mama Uzi aliingia na mkoba wa vifaa, kanga yake imefungwa kiunoni kwa fundo la kazi. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa, feni moja inayozunguka na nyingine inayotazama, na ukuta mzima wa pembe na ngozi. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mama mrefu mwenye sauti ya kunyamazisha darasa la watoto themanini. Mkandarasi alikaa mstari wa mbele, mguu juu ya mguu.

"Naomba ile ngozi ishushwe," alisema Mama Uzi. "Nilishona kazi ya uongo. Nimekuja kuifumua mbele yenu."

Ukumbi ulivuma kama mzinga. Mweka hazina alisimama kusema ngozi ni mali ya chama, haiwezi kuguswa bila barua.

"Nikiiharibu nitakushonea ya kwako, wewe mwenyewe, kuanzia kisogoni," alisema Mama Uzi. "Kaa, mwanangu."

Watu walicheka, na mwalimu akapiga meza. "Ishusheni."

Aliilaza juu ya meza ya mkutano, akakata bitana ya kijani kwa mkasi mdogo, mshono kwa mshono, bila haraka, kama yuko kwake. Bitana ilipotoka, upande wa ndani ulionekana wote. Kiraka kilikuwa pale, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kimezungukwa na uzi.

"Nilipaswa kuzikata kingo za tundu kabla ya kushona," alisema. "Sikuzikata, kwa sababu zilikuwa nene, na ngozi nene inashika uzi vizuri. Mwalimu, weka kidole hapa. Sasa weka hapa, kwenye tundu la bega."

Mwalimu aliweka. Akaweka tena. "Hili limevimba kama ukingo wa bakuli. Hili la bega halina kitu."

"La bega ndilo lililomuua. Hili la paja lilikuwa limeanza kupona. Nyie ni watu wazima, na mmoja wenu ni daktari wa meno. Maiti haioti kovu."

Walipanga foleni, mmoja mmoja, kila mtu na kidole chake. Wengine walirudi mara mbili. Mkandarasi akaruka.

"Yeye ndiye aliyeficha! Muulizeni! Miaka mitatu alikuwa wapi?"

"Nilikuwa karakana," alisema Mama Uzi. "Nilijua, nikanyamaza. Macho alikuja kuniomba neno moja nikamnyima. Andikeni hivyo, na andikeni jina langu juu ya la huyu bwana, kama anaona aibu kutangulia."

"Kwa nini ulinyamaza?" aliuliza mwalimu.

"Majivuno, mwalimu. Nilipenda kazi yangu kuliko mtu."

Mwalimu akaandika. Mama Uzi akawasimulia na ya ngozi ya juzi. Mkandarasi akaulizwa iko wapi, akasema ameitupa, na jinsi alivyosema ikamponza kuliko kama angeileta. Wakamwondoa chamani kwa kura za mikono, na mikono iliyobaki chini ilikuwa miwili, mmoja wa shemeji yake. Mama Uzi naye wakamnyima kazi za chama msimu mzima. Alisema sawa, akakunja bitana yake, akatia mkasi mkobani. Mwalimu akasema Macho atapelekewa barua ya kuombwa radhi na kurudishwa kazini.

"Barua yenu pelekeni wenyewe," alisema Mama Uzi. "Mimi nina ya kwangu ya kusema, na haiandikiki."

Asubuhi yake alikwenda kwenye uwanja wa mbao. Vumbi la misumeno lilikuwa limetanda juu ya kila kitu, hadi juu ya kofia ya Macho aliyesimama langoni.

"Karibu, shemeji. Unataka mbao?"

"Nimekuja kulisema lile neno moja."

"Limechelewa."

"Limechelewa. Lakini nimelisema mbele ya watu, na nimesema nilikuwa nalijua. Watakuletea barua leo. Jina lako limerudi, na kazi yako pia."

Lori lilipiga honi. Macho alifungua lango, akaliacha lori lipite, akalifunga lango, akaangalia kufuli kama hajawahi kuliona.

"Unajua nilimfuata peke yangu?" alisema. "Yule tandala. Jumatano nzima, mpaka mtoni. Damu ikapotea majini. Nilikaa pale nikajua yuko ng'ambo, anasimama kwa miguu mitatu, na mimi sina bunduki wala ruhusa." Alipangusa vumbi usoni. "Mimi kibarua nilipata kingine, shemeji. Zile siku nne zake, nani atamrudishia?"

Mama Uzi alihamisha mkoba mkono wa pili. Lori la pili likaingia na kutoka.

Macho aliingia kwenye kibanda chake cha ulinzi, akapekua chini ya benchi, akatoka na ala ya kisu chake cha porini. Ngozi ilikuwa nzuri, ya kazi ya zamani, lakini pembeni ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa nailoni, mishono mikubwa, mmoja huku mwingine kule.

"Mama wee!" alisema Mama Uzi. "Nani kafanya maovu haya?"

"Fundi viatu wa stendi."

"Huyo alidhani anafunga gunia la mkaa."

"Siwezi kuingia nayo porini. Wanyama watanicheka."

Mama Uzi aliipokea, akaigeuza, akaanza kuzihesabu ncha za uzi kwa kucha palepale langoni. "Unarudi porini lini?"

"Jumamosi."

"Njoo Alhamisi jioni. Itakuwa tayari." Aliitia mkobani, akasita. "Na shemeji, kuhusu lile la zamani..."

Macho alikuwa ameshashika lango kumfungulia.

"Nenda kafanye kazi, shemeji," alisema. "Mimi na wewe hatudaiani."