Gari la Alawi na Posa ya Tatu

Mpaka anazeeka, Alawi hakuacha kukanyaga klachi isiyokuwepo. Awe kwenye basi, kwenye kochi la wageni, hata kitandani, akisikia injini ikibadilisha gia barabarani, mguu wake wa kushoto ulishuka wenyewe. Mkewe, Waridi, aliutazama akacheka peke yake. Mguu ule nusura umkoseshe mume.

Mwaka 1974 Alawi alikuwa fundi magari Ilomba, Mbeya. Alikuwa na kigari chekundu cha mbio, milango miwili, kifupi kama kiatu. Akakifungia injini ya gari kubwa lililopinduka Inyala. Injini ikawa na nguvu za fahali, na vyuma vyote vilivyoifuata nyuma vikabaki vya ndama.

Safari ya kwanza ya kupeleka posa kwa kina Waridi, Kihesa, Iringa, klachi iliungulia Mafinga. Alawi na mshenga wake, Mzee Seni, waliingia juu ya lori la mbao, weupe kwa unga wa msumeno, wazee waliowangoja wameshatawanyika. Alawi akaweka klachi ya lori. Safari ya pili klachi ilishika vizuri mno, ikaisokota propela, lile bomba la kuzungusha magurudumu ya nyuma, kama nguo inayokamuliwa, pale Makambako. Wakafika kesho yake, wamekalia viazi.

"Bwana Alawi," alisema Mzee Zubery, baba yake Waridi, "juzi mbao, leo viazi. Nilidhani binti yangu anaposwa na mtu, kumbe na soko."

"Injini ina nguvu, mzee. Nikiimarisha hapa, panakatika panapofuata."

"Basi maliza kuimarisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kabla ya alasiri. Usipofika kwa magurudumu yako, kuna mwenye duka Njombe anangoja jibu langu. Mwanangu hapandi gari la kusukumwa."

Nyuma ya pazia, Waridi alijiziba mdomo kwa kanga, hajui analia au anacheka.

Alawi akatengeneza propela ya bomba nene. Akatafuta difu, gia za magurudumu ya nyuma, na ekseli za pikapu, akampelekea mkereza vyuma azipunguze zienee. Siku ilipofika, Mzee Seni akakataa kupanda.

"Magoti yangu yamekwisha kwa kusukuma. Nitakufuata na wazee kwa pikapu."

Kabla ya adhuhuri ngurumo ilisikika ikipanda mlima kutoka Ipogolo. Haikukohoa. Alawi akashuka mlangoni na kanzu yake, meno yote nje. Chumbani Waridi alirukaruka mpaka shangazi yake, Mwanahawa, akamvuta mkono.

"Tulia wewe, utavunja kitanda kabla ya arusi."

Mzee Zubery akalizunguka gari, akachungulia chini yake, kisha akatazama barabara.

"Limefika. Mshenga yuko wapi?"

Meno yakarudi ndani. Kila chuma kilikuwa kimeshika, na Alawi, kwa utamu wa kukanyaga, alikuwa amewaacha wazee wake tangu Igawa. Na mtu hajiposei.

"Wanakuja, mzee."

"Na alasiri nayo inakuja."

Alawi akageuza gari. Shangazi Mwanahawa, ambaye mwili Mungu alimjalia, akajipenyeza kiti cha mbele. "Nami naenda. Likikatika, nishuhudie mwenyewe."

Halikukatika. Waliwakuta wazee ng'ambo ya Mafinga wakinywa chai kwa utulivu. Mzee Seni akasukumwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni, na njia nzima Shangazi akawa anaimba, "Kanyaga, mwanangu, kanyaga."

Walipofika, mshenga hakuweza kukunjuka. Akatoa posa akiwa amechuchumaa kizingitini, kofia imemfunika jicho. Mzee Zubery akacheka mpaka akashika ukuta, na adhana ya alasiri ikamkuta bado anacheka.

"Mnyoosheni mshenga," akasema. "Alawi mke amepata."

Waridi akaishi na Alawi Ilomba, akazoea kumwona mgongo: sokoni yuko mbele, msikitini yuko mbele. Alawi hakujifunza kumngoja mtu. Miaka mingi baadaye, asubuhi moja hospitalini, Alawi amelazwa, Waridi alimnywesha uji, akainuka kwenda kuosha kikombe.

"Kaa kwanza, Waridi," Alawi alimwambia. "Leo sina haraka."