Lambo la Mbele ya Mlali

Nilizaliwa kisiwani Ukerewe, na kuogelea nilijua kabla sijajua kusoma. Nilipohamishiwa Dodoma kuwa mthibiti ubora wa shule, nilipanga vyumba viwili Kizota, jirani na mafundi wa kuchomelea vyuma, nikaanza maisha ya kuoga ndoo moja kwa kujibana. Sikuwa na shida na vumbi wala jua. Nilichokosa ni maji ya kujitosa mwili mzima.

Kazi yenyewe ilikuwa ya safari. Tukimaliza kukagua madarasa na maandalio ya masomo, nilikuwa na swali langu la mwisho kwa mwalimu mkuu: "Hapa kwenu kuna maji ya kuogelea?" Mara nyingi nililetewa ndoo na sabuni. Nikieleza kuwa sitaki kuoga, nataka kuogelea, watu walinitazama kwa huruma.

Dereva wetu, mzee wa Kigogo aliyekaribia kustaafu, ndiye aliyenielewa. Ujana wake wote alinywesha ng'ombe, hivyo alijua kila lambo na kila korongo linalotuamisha maji. Alinikataza bwawa la Mtera kwa sababu ya mamba. Kwingine alisimamisha gari, akageuza uso upande wa barabara mpaka nitoke. "Mwalimu," aliniambia siku moja, "sisi maji tunayanywa. Kuyachezea hatukufundishwa." Niliogelea mabwawa ya Bahi yenye rangi ya chai ya maziwa. Chemba niliogelea katika shimo la mwambani ambalo hujaa mvua ikinyesha na kukauka baada ya wiki mbili. Kila baada ya muda nilikwenda kupima kichocho, na mara moja nilikutwa nacho.

Lambo la mbele ya Mlali, wilayani Kongwa, tulilipata mwezi wa nne, mvua zikielekea ukingoni. Lilikuwa pana kuliko nilivyotarajia, limezungukwa na migunga, na kwenye ukingo mmoja ng'ombe walikuwa wamekanyaga tope. Nilivaa fulana na kaptula, nikaacha kanga juu ya jiwe, nikaingia. Nilikuwa nimefika katikati, nimelala chali nikitazama mawingu, niliposikia mtu anapiga kelele.

"Dada! Toka! Toka humo!"

Mwanamke wa rika langu alikuwa ameingia majini mpaka magotini, ndoo yake inaelea kando. Nilirudi upesi, nikidhani nimechafua maji yao ya kunywa. Nikaanza kuomba radhi, lakini hakuwa akinisikiliza. Alinishika mkono kwa nguvu, akanivuta hadi nchi kavu, na hata tulipofika hakuniachia.

"Nimeona kichwa tu," alisema. "Nimeona kichwa tu, nikadhani tena."

Tulikaa chini. Alipotulia aliniambia kwamba mwaka uliopita binti yake wa darasa la sita alikuja kuchota maji hapo, akateleza. Wenzake walikimbia kuita watu. Watu walikuja, wanaume wengi, wakasimama ukingoni na kamba, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Walingoja siku mbili mpaka maji yenyewe yakamtoa.

Nilimpa pole.

Kisha aliniuliza, "Kule ulikokuwa, chini kuna nini?"

"Tope."

"Kuna baridi?"

Ningeweza kumdanganya. "Juu kuna joto," nilimjibu. "Chini kuna baridi."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa akingoja jibu hilo kwa muda mrefu. Kisha akachota maji yake akaondoka. Nilirudi garini. Niliona haya. Nilikuwa nimejitafutia raha mahali ambapo mtu mwingine alipita kila siku akiwa amepiga moyo konde.

Kongwa nilirudishwa tena na kazi mwezi wa kumi. Nilimuulizia mama yule shuleni, nikapelekwa kwake. Alinikaribisha uji wa uwele, kisha akasema twende. Lambo lilikuwa limekauka kabisa, ardhi imepasuka vipande vipande. Alinitangulia akishuka polepole, akasimama.

"Ni hapa," alisema. "Walipompata, mjomba wake alichomeka kijiti ukingoni, akanielekeza kwa kidole mahali alipoibukia."

Niligeuka kutazama ukingo. Zilikuwa hatua kumi na moja. Mtoto wa Ukerewe wa umri ule angezivuka akicheka. Nilimwambia hivyo, na papo hapo nikajuta, kwa maana nilikuwa kama namlaumu marehemu. Lakini yeye alinikazia macho.

"Watoto wa huko kwenu walifundishwa na nani?"

"Mimi nilifundishwa na mama."

"Basi mvua zikija, uje uwafundishe hawa waliobaki."

Niliandika mapendekezo kwenye taarifa ya ukaguzi, kwamba shule zilizo karibu na malambo zifundishe watoto kuogelea. Sikupata jibu. Mwezi wa kwanza lambo lilipojaa, nilipanda basi Jumamosi, kwa gharama zangu mwenyewe. Mama yule alikuwa amekusanya wasichana tisa na madumu matupu ya mafuta ya kula, vifuniko vimekazwa. Wazazi watatu walikuja kutukataza. Alizungumza nao pembeni kwa Kigogo, kwa sauti ya chini, nao wakakaa kutazama. Suala la kichocho niliwaeleza waziwazi. Mmoja alinijibu kwamba humo wanaingia kila siku kuchota.

Nilikwenda Jumamosi nane. Wasichana saba sasa wanaelea bila dumu na kurudi ukingoni wenyewe. Wawili bado wanaogopa. Mama yule hajajifunza, na nimeacha kumshawishi. Husimama maji yakiwa kiunoni, mikono mbele, na kuwahesabu kwa sauti tangu tunapoingia mpaka tunapotoka: moja, mbili, tatu, hadi tisa, kisha anaanza upya. Hakuna anayemwambia anyamaze.