Vigingi Kwenye Kinyungu

Wanafunzi wangu wa kidato cha pili walikariri maana ya mfumo-ikolojia kwa Kiingereza bila kukosea hata neno, lakini nikiwauliza ni mimea gani inaota nyuma ya bwalo, wanaanza kupekua madaftari. Hilo lilinikera kuliko utoro. Nilikuwa nimehamishiwa Makambako kutoka Njombe mjini kufundisha biolojia, na nikajiapiza kwamba mada ile haitaishia ubaoni.

Mkuu wa shule alikubali shingo upande. Akanionya kwamba mzazi mmoja tu akilalamika, masomo ya nje yamekwisha.

Nilichagua bonde moja Mahongole. Upande mmoja kuna milingoti, yaani mikaratusi ya kupandwa, upande wa pili kinyungu, bustani ya bondeni inayolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Nilitaka watoto walinganishe kinachoota pande zote mbili. Mwenye kinyungu, mjane wa makamo, aliniruhusu tuje kuangalia mimea. Siku ya siku tukafika na vigingi na kamba, tukaanza kugawa eneo katika miraba ya kuhesabia.

Alitujia na jembe mkononi, akang'oa vigingi kimoja kimoja na kuvitupa mtaroni.

"Mwalimu, uliniambia mnakuja kuangalia majani. Majani yanaangaliwa kwa kamba?"

"Mama, ni ya kuhesabia tu. Tukimaliza tunatoa."

"Hata wale waliokuja kupima walisema hivyo hivyo. Shamba la marehemu mume wangu kule juu lilianza na vigingi na kamba. Leo ni msitu wa misindano ya watu."

Jioni hiyo hiyo alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule. Niliitwa, nikaambiwa nirudi kwenye chaki yangu. Nilitoka nimefura. Nilimkasirikia mkuu, nikamkasirikia na yule mama, kisha hasira ikapoa nikaona mama hana kosa. Ningekuwa yeye, ningeng'oa pia.

Ila kurudi kwenye chaki sikurudi. Nilimganda mkuu mpaka akachoka, akasema mama akiridhika mwenyewe, sawa. Nikaokota mabaki ya mbao nje ya karakana ya seremala, nikagongelea fremu ya mraba inayobebeka kwa mkono mmoja. Jumamosi nikashuka bondeni peke yangu.

"Kamwene," nikamsalimia.

Aliitikia bila kuacha kupalilia kabichi zake. Nikamwomba atazame. Nikalaza fremu ardhini, nikahesabu mimea iliyo ndani, nikainyanyua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Akaja pale pale, akainama, akapitisha kiganja juu ya udongo.

"Weka tena."

Nikaweka.

"Nyanyua."

Tulizunguka hivyo kinyungu chote, magoti yangu yakajaa tope. Mwishowe akaichukua fremu, akaigeuza huku na huku.

"Na hiki hakibaki?"

"Hakibaki. Tunaondoka nacho."

Nilikuwa naogopa kweli, maana akikataa sikuwa na njia nyingine.

"Walete. Ila nitakuwepo."

Jumatatu alisimama kwenye tuta, jembe begani. Watoto walilaza fremu, wakahesabu, wakaandika, na hawakuinyanyua mpaka yeye aitikie kwa kichwa. Mimi sikuwafundisha hilo, walijiongeza wenyewe. Chini ya milingoti walibishana kwa sauti, kwa nini huku hamna kitu wakati hatua chache tu pembeni kuna majani ya kila namna. Niliwaacha makusudi, wabishane.

Tulipokusanya vitu, mama alituambia tungoje. Akapita kinyungu chote peke yake, tuta kwa tuta, akifunua majani ya kabichi na kuchungulia chini yake. Muda wa kurudi shuleni ulipita na sikumharakisha.

Alirudi bila kigingi hata kimoja mkononi.

"Haya, nendeni," akasema. "Na wiki ijayo msichelewe, jua litakuwa kali."